Kibuyu cha Gogo na Namna Tulivyomrudisha Jeruto

Marafiki zangu tuliosoma pamoja,

Mtanisamehe mwandiko. Herufi zangu mnazijua tangu darasa la nne, zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na neno likiwa refu mara nyingi naacha herufi moja nje. Wanjiru alitaka kuniandikia kwa sababu mkono wake ni mwepesi, lakini nilikataa. Nilijua akiandika yeye kuna jambo moja hatalitaja, na hilo jambo ndilo safari yenyewe. Kwa hivyo naandika mimi, polepole, juu ya meza ya kufumia. Mkiona nyuzi zimenasa kwenye karatasi, msifikiri ni uchafu.

Kila mmoja wenu ameuliza kwa njia yake Jeruto alirudije. Wengine mmesikia tulimwiba. Hatukumwiba.

Kwa wale waliohama mapema, nianze hapa. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, baba yake Jeruto alikuwa mmoja wa walioambiwa wasirudi Jumatatu. Wakatoka kwenye nyumba yao hapa mtaani Pioneer. Wazazi wakaenda Sugoi kufanya kazi kwa shamba la mtu, na Jeruto akapelekwa kwa nyanya yake, mama ya mama yake, kule chini ya Iten ambako ardhi inakatika na kuteremka kuelekea bonde la Kerio. Ulikuwa mwaka ule wa ukame na mahindi ya manjano ya msaada, kila nyumba inapunguza watu wa kulishwa. Mimi na Wanjiru tulibaki. Darasa la saba lilikuwa limeisha, na sekondari haikutajwa nyumbani kwetu hata kwa mzaha.

Ndipo Mama Nekesa, yule fundi wa sweta aliye nyuma ya duka la kina Wanjiru, akapata kazi ya sweta za shule za kuvaliwa mwezi wa tano. Akasema atatufundisha mashine na kutuweka kazini, lakini tuwe watatu. Mmoja afume mwili, mmoja mikono, mmoja shingo na kuunganisha.

"Wawili mtanichelewesha," alisema. "Watatu, ama nichukue wasichana wa dada yangu. Hao wako tayari, wananingoja niseme tu."

Sasa nyinyi mnajua, tangu somo la kufuma shuleni, kati yetu ni nani aliyeweza shingo. Shingo yangu ilikuwa haipitishi kichwa, na ya Wanjiru ilipitisha vichwa viwili. Tukamwomba Mama Nekesa atungojee mpaka wiki ya mwisho ya likizo. Alitutazama sana, halafu akakubali.

PIONEER MPAKA SUGOI, PAMOJA NA MIKEBE

Tuliona ni adabu kuanza kwa mama yake Jeruto. Baba yake Wanjiru anajuana na dereva wa lori la maziwa, na dereva akasema tupande nyuma ikiwa hatuogopi kelele. Zile kelele sikuwa nazijua. Lori lilikuwa limejaa mikebe mitupu, na kila likiingia kwenye shimo, mikebe yote ilipigana kama wanawake waliokosana kwenye bomba la maji. Wanjiru alikuwa ananiambia kitu tangu tulipotoka tauni, yaani mjini. Nilitikisa kichwa kukubali. Baadaye nilijua alikuwa ananiuliza kama nimekalia mkate wetu. Nilikuwa nimeukalia.

Lori lilisimama kila mahali penye jukwaa la maziwa, na kila mahali dereva alikuwa na mtu wa kusalimu. Mahali pamoja kina mama waliokuwa wakingoja walituona juu, tukiwa tumefunga vitambaa vyeupe kichwani kwa sababu ya vumbi, wakaanza kunong'onezana. Mmoja akaleta birika la chai na viazi vya kuchemsha, akatukaribisha kwa heshima ambayo sijawahi kupewa.

"Madaktari wa maziwa, kunyweni kwanza," akasema. "Maziwa yetu hayana maji, mtaona wenyewe."

Kumbe walifikiri tumetumwa kupima maziwa. Nilitaka kusema si sisi, lakini nyinyi mnanijua, maneno yangu hufika mdomoni yakakuta mlango umefungwa. Wanjiru akachukua kiazi, akaangalia ndani ya mkebe mmoja kwa makini, akasema, "Hakuna shida, Mama. Ni mazuri." Wale kina mama walipiga makofi. Tulipoondoka nilimwambia ametenda dhambi. Akasema, "Kwani ni mabaya?"

Sugoi tulimkuta mama yake Jeruto shambani kwa mwajiri wake, anapanda. Alipotuona aliweka jembe chini, akaangalia nyuma yetu, akitafuta wa tatu. Halafu akacheka kwa aibu na kutukumbatia na mikono ya udongo.

Alitupikia ugali wa manjano na kabichi. Wanjiru aliuita ugali keki, ili tuupende. Tulipomweleza habari ya Mama Nekesa alikusanya makombo kwa kidole.

"Mimi nakubali hata leo," akasema. "Lakini Jeruto yuko kwa mama yangu, na mama yangu ndiye aliyempokea wakati sisi hatukuwa na mahali. Siwezi kumtoa kwa mdomo wangu nikiwa huku. Mtaenda kumwomba yeye."

Halafu akasimama na kutoa kibuyu ukutani. Kwa wale ambao si wa kwetu, kile kibuyu tunakiita sotet, na ndani yake ndimo tunagandisha maziwa ya mursik. Hakioshwi kama sufuria. Husuguliwa ndani na mkaa wa mti wa senetwet, na ule weusi ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyafanya yakae. Hiki kilikuwa cha Gogo, nyanya yake Jeruto. Alikuwa amewatumia kikiwa kimejaa walipohamia Sugoi.

"Chombo chake hakiwezi kurudi bila kitu ndani," mama yake Jeruto akasema. "Nimekaa nacho nikingoja maziwa, na maziwa ya hapa yote yanapanda lori. Naona haya mpaka sijaenda kumsalimia."

Nikamwambia shangazi yangu wa Iten ana ng'ombe, na tutakijaza tukipita. Uso wake ulibadilika. "Basi ukikaa nacho wewe Jerono sina wasiwasi. Wewe unajua." Kweli mimi najua. Lakini nilikuwa na kikapu kizito, kwa hivyo kibuyu kikabebwa na Wanjiru.

TAUNI, AMBAPO TULIKOSA KADI

Siku iliyofuata tulirudi tauni mapema kwa trekta, tukitaka basi la Iten. Mlangoni mwa basi alisimama kijana wa chama tawala, mwenye kofia na fimbo fupi, anaomba kila mtu kadi. Asiye na kadi ya chama hapandi. Mbele yetu mzee mmoja alitafuta yake mpaka ndani ya soksi.

"Kadi," akatuambia.

"Sisi ni watoto," Wanjiru akasema.

"Watoto hawana vifua vya kubishana. Kadi."

Wanjiru akafungua pochi yake na kumpa kadi ya shule ya Jumapili, ile yenye picha ya kondoo. Kijana akaigeuza, akasoma aya yote mpaka mwisho, midomo ikitembea. Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Naye akataka kucheka, nikaona, lakini fimbo haikumruhusu.

"Hii ni kadi nzuri," akasema akimrudishia. "Lakini haipandi basi."

Basi likaenda. Wanjiru akakaa juu ya kikapu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba mchungaji mwema asingetuacha pale.

TAUNI MPAKA ITEN, TUKIWA TUMEKETI VIZURI

Aliyemsikia ni mzee mmoja aliyekuwa akifunga viti vya sofa nyuma ya pikapu. Jina lake Mzee Kiptoo.

"Nyinyi wa kondoo," akaita, "mnaweza kukaa bila kuharibu kitu?"

Na ndivyo tulivyokwenda Iten tumeketi juu ya sofa. Ilikuwa nyekundu, ina vitambaa vya nailoni juu, na upepo ulikuwa mtamu. Barabarani watoto walitukimbilia. Wanjiru aliwapungia mkono polepole kama mke wa waziri, na mimi nikaona aibu mpaka nikafunika uso na kikapu, lakini baadaye hata mimi nikapunga kidogo.

Mzee Kiptoo alituambia, akipaza sauti kupitia dirisha la nyuma, kwamba aliahidi mke wake hii sofa kabla ya mtoto wao wa kwanza kuzaliwa. Yule mtoto sasa ni mwalimu. "Kila nikikaribia kununua, kitu kinakuja," akasema. "Mara karo, mara ng'ombe anakufa, mara ukame. Mwaka huu nikasema, kwa vile hakuna kitu chochote, wacha kuwe na sofa."

Tulikuwa tumekaribia Iten mvua iliponyesha. Ilikuwa ya kwanza ya maana tangu mwaka uliopita. Mzee alisimamisha gari katikati ya barabara, akatoka, akavua kofia, akainua uso. "Nyesha!" akapiga kelele. "Nyesha, mama, nyesha!" Alicheza kabisa. Halafu akakumbuka nyuma yake kuna nini. "Ngoja! Ngoja kidogo! Ngoja nifike!"

Tukatandaza karatasi ya nailoni juu ya sofa na sisi tukalala juu yake tumejinyoosha ili upepo usiibebe, Wanjiru amekumbatia kibuyu, mimi nimekumbatia miguu ya Wanjiru. Tulilowa kama vyura. Sofa haikulowa. Tulipofika kwa Mzee Kiptoo, mke wake alitoka mlangoni, akaiona, akashika mdomo. Ilipoingizwa ndani akaizunguka, akaigusa na kidole kimoja, halafu akaleta vigoda akatuambia tukae. Mzee Kiptoo alikwenda kuikalia, akafukuzwa.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe kwanza ukauke," mke wake akasema.

Tulikunywa chai sote juu ya vigoda, tukiitazama.

KWA SHANGAZI

Sasa nimefika mahali ambapo Wanjiru ameniambia niruke. Siruki.

Kwa shangazi tulilala vizuri. Asubuhi shangazi akaniita twende tukakamue, Wanjiru akabaki nyumbani. Mnamjua, hawezi kukaa kwa watu bila kufanya kazi. Alifagia uwanja. Aliosha vikombe. Alipomaliza vikombe akaona kibuyu.

Tulimkuta ameketi juani, mikono ina povu jeusi mpaka viwikoni, anaimba.

"Jerono! Njoo uone!" akaita. "Hiki kibuyu kilikuwa kimeungua ndani yote na hakuna mtu alijua! Nimekisugua na mchanga, nikaweka sabuni ya unga na maji moto mara mbili. Weusi wote umetoka!"

Shangazi aliweka ndoo ya maziwa chini taratibu sana.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Wa duka," nikasema. Ndilo jibu lililotoka.

Shangazi akachukua kibuyu, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka kama shuka zilizotoka kufuliwa. Kwanza shangazi alijaribu kukasirika. Halafu akakaa kwenye nyasi akacheka mpaka leso ikaanguka, kila akijaribu kusema anaangalia lile povu jeusi na kuanza tena. Lakini nilipomwambia kibuyu ni cha nani, na tunakipeleka kwa nini, alifuta macho na kuacha kucheka.

"Kibuyu hiki kimemzidi umri mama yake huyo msichana," akasema. "Siwezi kuweka maziwa humo. Yataharibika kabla hamjafika chini. Na Gogo atajua tangu mlangoni."

Wanjiru alikuwa akituangalia, mmoja baada ya mwingine. Nikamweleza. Nilidhani atajitetea kama kawaida. Badala yake alilia, mikono ameinyoosha mbele ili povu lisimguse nguo.

"Kwetu chombo cheusi ndani ni cha mtu mvivu," akasema. "Nilifikiri nitamfurahisha. Jerono, mimi narudi nyumbani. Nikifika na hiki atatufukuza, na Jeruto atabaki huko kwa sababu ya sabuni yangu."

Hapo nilishangaa mwenyewe. Tangu tuwe marafiki Wanjiru ndiye husema twende na mimi hufuata. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Hurudi. Tunaenda wote, na kibuyu kinaenda vile kilivyo. Nawa mikono."

Alinawa mikono. Shangazi alitufungia sukari kwenye karatasi, tusifike mikono mitupu kabisa.

KUTEREMKA

Kutoka Iten dunia inaisha ghafla. Unatembea kati ya mashamba na baridi yako, halafu mbele hakuna kitu, kuna hewa tu, na bonde liko chini mbali, na milima mingine ng'ambo. Tulivua sweta, halafu soksi. Njia ni ya mbuzi, na mvua ilikuwa imeifanya utelezi. Mara nyingi tuliteremka kwa makalio. Kibuyu alikibeba Wanjiru kifuani kama mtoto mgonjwa.

Njia nzima alikuwa akijifunza hotuba. "Gogo wetu mpendwa, tumekuja mbele yako kwa heshima na unyenyekevu..." Alikuwa ameitunga kwa Kiswahili kile cha mwalimu mkuu siku ya wazazi. Kwenye jiwe moja palikuwa na mzee mwenye mbuzi, akipumzika. Aliisikia ikija kutoka juu. Tulipomfikia akatutaka tukae, akamwambia Wanjiru aanze upya.

"Hapo kwa unyenyekevu, punguza haraka," akamwelekeza. "Tena hapo kwa sabuni, usiseme bahati mbaya. Sema tu nimekosa. Watu wakubwa wanapenda hivyo."

Wanjiru akarudia. Mzee akafunga macho, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Nzuri. Nzuri sana. Mnaenda kwa mama gani?"

Nikamtajia.

"Aa, yule!" akasema. "Yule hasikii Kiswahili hata kidogo."

Wanjiru, na yule mzee, na nafikiri hata mbuzi, wakageuka wakaniangalia mimi.

KWA GOGO

Jeruto alituona kabla hatujamwona. Alikuwa anapanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, na alipiga ukelele ambao uliwatoa majirani nje. Aliukalisha mtungi vizuri, maana ni Jeruto, halafu akaanza kukimbia. Tulishikana watatu pale njiani tukizunguka, hatusemi kitu cha maana. Alikuwa amekonda kidogo na amerefuka. Wanjiru akamwambia, "Shingo yako ndiyo inatakiwa," na Jeruto akafikiri ni wazimu.

Gogo alikuwa ameketi mlangoni, mwembamba, ana macho makali. Tulimsalimu. Wanjiru akampa kibuyu kwa mikono miwili. Gogo akakipokea, akafungua kifuniko, akanusa. Akafunga. Akafungua tena akanusa mara ya pili, kama mtu asiyeamini pua yake.

"Nani?" akauliza.

Sikuhitaji kutafsiri. Wanjiru akapiga magoti. "Mimi, Gogo. Nimekosa." Hotuba yote ilibaki hayo maneno.

Gogo akamwangalia, akaniambia nimuulize kama kwao wanawapa ng'ombe sabuni ili wakamue maziwa safi. Nikamuuliza. Wanjiru akasema hapana, hawana ng'ombe, wana duka. Gogo aliguna, na nilishindwa kujua kama ni hasira au ni kicheko amekikalia.

"Mwambie hivi," akasema. "Aliyekiua atakifufua. Haondoki mtu hapa mpaka kibuyu changu kinuke kibuyu."

Ndivyo tulivyokaa kwa Gogo, na siku za Mama Nekesa zikawa zinaenda. Tulikata matawi ya senetwet, tukayakausha, tukayachoma mpaka yawe makaa. Wanjiru ndiye alisugua. Unatia makaa ya moto ndani, unasaga na kijiti cha mkindu kilichochanwa ncha, unamwaga, unarudia. Mara ya kwanza Gogo akanusa, akasema, "Sabuni." Kesho yake akanusa, akasema, "Sabuni na moshi." Wanjiru alikuwa mweusi mpaka masikioni. Jeruto alimwonyesha namna ya kuzungusha mkono, na mimi niliwatafsiria matusi ya Gogo, nikiyapunguza makali. Siku moja Gogo alisema jambo refu sana na mimi nikasema, "Anasema endelea." Gogo akauliza, "Mbona lako ni fupi?" Tulicheka mpaka Wanjiru akapiga chafya ya mkaa usoni mwa Gogo, na hapo ndipo Gogo mwenyewe alicheka kwa mara ya kwanza, hana meno mbele, akimpiga Wanjiru mgongoni.

Jioni tulikaa kwenye mwamba tukiangalia bonde linavyobadilika rangi, tukila mapera. Tulimwambia Jeruto kila kitu cha Pioneer. Aliuliza hata habari ya mbwa. Lakini tulipotaja Mama Nekesa alisema, "Mimi siwezi kumwomba Gogo. Alinipokea. Mkiomba nyinyi, nitaona." Na kila mara tulipoketi kula niliona kitu. Gogo alipakua sahani zetu, halafu akasema ameshiba, halafu akakwangua sufuria akidhani hatuoni.

Hatimaye siku moja Gogo akanusa kibuyu kwa muda mrefu, akakirudisha kwa Wanjiru. "Kimefufuka," akasema. Akachemsha maziwa ya ng'ombe wake mmoja, na mengine ya mke wa mtoto wake jirani, akayaacha yapoe, akayatia. Sasa ilibaki kuyangoja yagande.

Tulikuwa tumeketi watatu mbele yake. Gogo akatunyooshea kidole mmoja mmoja.

"Huyu anafanya kabla ya kuuliza," akasema, kidole kikiwa kwa Wanjiru. "Huyu wangu anafanya akiulizwa. Na wewe umekuja kutoka mbali na kitu mdomoni, unakizungusha tu kama jiwe. Kiteme."

Nilitazama miguu yangu. Halafu nikasema, na nitawaandikia vile nilisema, kwa sababu halikuwa jambo refu.

"Gogo, tumekuja kumwomba Jeruto. Kuna kazi ya sweta, na ni ya watu watatu. Mimi naweza mikono. Huyu anaweza mwili. Hakuna anayeweza shingo ila yeye, na sweta bila shingo haivaliki. Tukimkosa, hakuna mmoja wetu atapata. Na Gogo, wewe huli. Unasema umeshiba na hujala. Jeruto anaona kila siku. Akifanya kazi atakutumia unga."

Jeruto aliinamisha kichwa kwenye magoti. Wanjiru alikuwa hajui nimesema nini lakini alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa mweusi, na wangu ukawa mweusi. Gogo aliingia ndani kulala, na jua bado lilikuwa juu.

KURUDI

Gogo hakutujibu hata siku zilizofuata. Mursik ilipokuwa tayari alituamsha asubuhi. Tulifunga kikapu chetu. Jeruto alitusaidia, akikunja leso ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Nilikuwa nimeanza kufikiria nitamwambia Mama Nekesa nini.

Gogo akatoka na kibuyu kimejaa. "Hiki ni cha mama yake Jeruto," akasema. Wanjiru akanyoosha mikono. Gogo akakivuta nyuma.

"Huyu? Akikutana na maji na sabuni njiani?" Akanigeukia. "Na huyu ameanza kuongea juzi tu. Siwezi kumpa kazi mbili."

Akachukua mkanda wa kibuyu akauvisha begani kwa Jeruto, akaulegeza, akaukaza, akautazama kama umekaa sawa.

"Utamfikishia mama yako wewe mwenyewe," akasema. "Kikiisha utanirudishia mwenyewe, Krismasi, na kuna kitu ndani."

Jeruto ndiye alielewa wa kwanza. "Gogo, na maji? Nani atakuchotea?"

"Nilichota maji kabla mama yako hajazaliwa. Na hapo jirani kuna mke wa mtoto wangu, mgongo wake ni mzima. Niliogopa tu utaenda kukaa barabarani huko tauni. Sasa nimeona mikono ya hawa." Akaangalia mikono ya Wanjiru, ambayo mpaka leo kucha hazijatakata. "Ukirudi kabla ya Krismasi nitakufungia mlango. Nenda."

Jeruto alilia, Gogo akamfukuza kwa mkono kama anavyofukuza kuku. Lakini tulipofika kwenye kona ya juu tulitazama nyuma, naye alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono juu ya macho.

Mengine mnaweza kuyajua. Kupanda ni kugumu kuliko kuteremka. Shangazi alinusa kibuyu, akamkumbatia Wanjiru. Kwa Mzee Kiptoo tulipita kusalimu, tukamkuta bado yuko juu ya kigoda. Kule Sugoi mama yake Jeruto aliona nani amebeba kibuyu, akakaa chini palepale shambani. Alikunywa, akafumba macho, akasema, "Ni ya mama." Hakuna aliyemwambia juu ya sabuni. Hilo mtamwambia nyinyi mkitaka.

Mama Nekesa alikuwa mlangoni, na wasichana wa dada yake walikuwa wameshaketi ndani. Alituangalia, mavumbi kichwani mpaka miguuni. Akampa Jeruto nyuzi na sindano za kufumia, bila salamu, akasimama nyuma yake. Jeruto alifuma shingo. Mama Nekesa akaivuta kichwani kwake mwenyewe, kichwa kikapita na ikarudi mahali pake. Akawageukia wale wasichana, akawaambia wamsalimie mama yao.

Sasa shule zimefunguliwa, na kila asubuhi naona shingo za Jeruto zikipita barabarani. Mteja akija, wenzangu huniambia niongee mimi. Bado natokwa jasho, lakini naongea. Kibuyu kimetundikwa juu ya mashine, kitupu, na Wanjiru hamruhusu mtu kukisogelea na hata kitambaa chenye maji.

Ndiyo sababu nyingine ya kuwaandikia. Krismasi tunateremka kwa Gogo sote watatu, na hakiwezi kurudi bila kitu ndani. Tafadhali nijibuni, hata mistari miwili, hata kama mwandiko wenu ni kama wangu. Nielezeni mko wapi, mnafanya nini, nani atatembea nasi. Na aliye na ng'ombe anayekamuliwa aseme mapema. Sabuni msilete.

Ni mimi rafiki yenu,
Jerono